Prokarioti na yukarioti: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nafundisha biolojia, na kila mwaka mada hii huishia kwenye jedwali lilelile la safu mbili: kiini, hakuna na kipo, mitokondria, hakuna na zipo, hivyo hivyo mpaka chini ya ukurasa. Jedwali halisemi uongo, lakini anayelikariri hutoka akiamini kwamba bakteria ni seli iliyopungukiwa. Majibu haya ni kwa wanaouliza yale ambayo jedwali limeyaruka. Mengi ni maswali ya wanafunzi, machache ni ya wazazi waliotoka duka la dawa na pakiti mkononi.

Maneno haya yametoka wapi?

Yote mawili yamejengwa juu ya neno la Kigiriki karyon, yaani kokwa. Pro ni "kabla", eu ni "-ema" au "kamili". Basi prokarioti ni kiumbe wa kabla ya kokwa, yukarioti ni mwenye kokwa kamili, na kokwa inayosemwa ni kiini cha seli. Ukipasua parachichi ukaona kokwa yake katikati, umeshapata picha ya yukarioti.

Mfaransa Édouard Chatton aliyatumia mwaka 1925, yakasahaulika kwa miaka mingi, hadi Roger Stanier na C. B. van Niel walipoyafufua mwaka 1962 ili kueleza bakteria ni kiumbe wa namna gani hasa. Upande wa prokarioti wapo bakteria na akea, viumbe wadogo wanaofanana na bakteria kwa macho, ambao tutawafikia baadaye. Upande wa yukarioti tupo sisi, wanyama wote, mimea, fangasi (hamira na uyoga wakiwemo), na viumbe wadogo kama amiba na vimelea vya malaria.

Kwa kifupi, tofauti ni nini?

Fikiria chumba kimoja cha kupanga. Kitanda kipo hapa, jiko la gesi pale karibu na mlango, nguo zimening'inia ukutani. Mtu anapika, anakula, anasoma na kulala mlemle, na maisha yanakwenda. Ndivyo alivyo prokarioti: utando wa nje, na ndani yake kila shughuli inafanyika katika nafasi moja.

Yukarioti ni nyumba ya vyumba. Nyaraka zimefungiwa kwenye chumba chake, ambacho ni kiini. Nishati inatengenezwa kwenye mitokondria. Taka zinasagwa ndani ya vifuko vinavyoitwa lisosomu, ili vimeng'enya vikali visije vikaila seli yenyewe. Mimea ina chumba cha ziada, kloroplasti, cha kunasa mwanga wa jua.

Kuta hizo zinabadilisha hata namna ya kufanya kazi, na hapa ndipo jedwali linaponyamaza. Kwenye chumba kimoja, ribosomu huanza kuusoma ujumbe wa RNA na kutengeneza protini wakati ujumbe wenyewe bado unanakiliwa kutoka kwenye DNA. Ni kama mtu anayekula chapati huku nyingine ikiwa bado iko kwenye kikaango. Yukarioti hawezi. Ujumbe unaandikwa ndani ya kiini, vipande visivyotakiwa vinakatwa na kuondolewa, kisha ndipo unatolewa kupitia matundu ya utando wa kiini kwenda kwa ribosomu zilizo nje. Inachukua muda mrefu zaidi, lakini seli inapata nafasi ya kuhariri: jeni moja inaweza kukatwa na kuunganishwa kwa namna mbalimbali na kutoa protini zaidi ya moja. Binadamu ana jeni za protini zipatazo 20,000 tu, wakati Escherichia coli, bakteria wa utumbo wetu, ana kama 4,300. Ukitazama hesabu hiyo peke yake huwezi kuelewa mtu na bakteria wametofautianaje kiasi hiki.

Kama hana kiini, DNA yake iko wapi?

Ipo palepale kwenye saitoplazimu, imekunjamana katika eneo linaloitwa nukleoidi, ambalo halina utando wa kulizunguka. Na si kidogo. DNA ya E. coli ikinyooshwa ina urefu wa karibu milimita 1.5, nayo imekunjwa ndani ya seli yenye urefu wa mikromita 2 hivi (mikromita elfu moja ni milimita moja).

Vitabu vinasema DNA ya prokarioti ni duara moja, na ya yukarioti ni nyuzi ndefu zenye ncha, zilizoviringishwa kwenye protini za histoni. Kwa mtihani inatosha. Ila magonjwa ya kwetu yana tabia ya kuvunja kanuni hii. Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, ana kromosomu mbili za duara. Na Borrelia duttonii, anayeleta homa ya papasi, kromosomu yake imenyooka kama uzi. Huyu anaenezwa na papasi, wale kupe wanaojificha kwenye nyufa za sakafu na kuta za udongo, na jina lake linatokana na Joseph Dutton, daktari aliyefariki Kongo mwaka 1905 akiwa kwenye uchunguzi wa homa hiyohiyo.

Zaidi ya kromosomu, bakteria wengi hubeba vipande vidogo vya DNA vya duara vinavyoitwa plasmidi. Tutavirudia.

Wanafanana kwa lipi?

Utando wa seli, saitoplazimu, DNA na ribosomu. Kubwa zaidi, wanasoma lugha moja ya jeni. Ndiyo maana jeni ya insulini ya binadamu ikipandikizwa ndani ya E. coli, bakteria huyo anaitengeneza insulini ileile bila kujali imetoka kwa nani. Insulini ya namna hiyo iliruhusiwa kutumika kwa wagonjwa mwaka 1982.

Ribosomu za 70S zina vipande vya 50S na 30S. Mbona 50 na 30 ni 80?

Swali hili huja kila mwaka, na wanafunzi huniangalia kana kwamba nimewaibia kumi. S ni kipimo cha kasi ya kitu kuzama kinapozungushwa kwa nguvu kwenye mashine. Hakipimi uzito. Kasi ya kuzama inategemea pia umbo, na vipande viwili vikishikana umbo linabadilika, kwa hiyo namba hazijumlishwi. Prokarioti ana ribosomu za 70S. Yukarioti ana za 80S, zenye vipande vya 60S na 40S.

Kwa nini antibayotiki inaua bakteria na kuniacha mimi?

Kwa sababu ya hizi tofauti tunazozikariri. Dawa nzuri ni ile inayolenga kitu ambacho bakteria anacho na wewe huna, au unacho kwa umbo jingine.

Penisilini na ndugu yake amoksilini huzuia kuunganishwa kwa ukuta wa seli ya bakteria, ambao umetengenezwa kwa peptidoglikani. Seli za binadamu hazina ukuta kabisa, kwa hiyo dawa haina cha kushika. Bakteria anayekua bila ukuta imara hujaa maji na kupasuka. Azithromaisini na doksisaiklini huziba ribosomu za 70S na kuziacha za 80S. Siprofloksasini hushambulia kimeng'enya ambacho bakteria hutumia kusokotoa DNA yake.

Sasa geuza upande. Mgonjwa ana fangasi. Fangasi ni yukarioti kama wewe: kiini anacho, ribosomu zake ni 80S, mitokondria zipo. Pa kumpiga bila kukuumiza ni pachache. Dawa nyingi, kama flukonazoli na klotrimazoli, zinategemea tofauti moja ndogo, kwamba utando wa fangasi unatumia ergosteroli mahali ambapo wetu unatumia kolesteroli. Amoksilini kwa fangasi ni kupoteza hela.

Malale ni mfano mchungu zaidi. Vimelea vyake, vinavyoenezwa na mbung'o, ni yukarioti wenye seli moja. Kwa miongo mingi, ugonjwa ukishaingia kwenye ubongo, tiba ilikuwa melasoproli, dawa yenye aseniki ndani yake, na takriban mgonjwa mmoja kati ya ishirini aliuawa na dawa yenyewe. Adui anapokuwa na nyumba iliyojengwa kama yako, ni vigumu kupata silaha isiyokugusa.

Malaria si bakteria. Mbona watalii hupewa doksisaiklini kuizuia?

Aliyeuliza hili mara ya kwanza darasani alinikamata. Nilimwambia nitamjibu kesho. Plasmodium, kimelea cha malaria, ni yukarioti, na doksisaiklini ni dawa ya ribosomu za bakteria. Inafanyaje kazi?

Jibu liko ndani ya kimelea. Miaka ya 1990 watafiti walitambua kwamba Plasmodium ana kijumba kidogo kinachoitwa apikoplasti, masalia ya kiumbe jamii ya mwani mwekundu kilichomezwa zamani sana. Mwani huyo naye alikuwa na kloroplasti, na kloroplasti ilitokana na bakteria. Usanisinuru, yaani kutengeneza chakula kwa mwanga, umeshapotea, lakini ribosomu za aina ya bakteria zimebaki, na bila kijumba hicho kimelea hakiishi. Doksisaiklini inaenda huko. Athari yake huchelewa, huonekana kwa kizazi kinachofuata cha vimelea. Ndiyo sababu hutumika kwa kinga, na kwa kutibu huchanganywa na dawa nyingine yenye kasi.

Usiichukue habari hii kama ruhusa ya kununua antibayotiki kila homa ikipanda. Pima kwanza.

Ni kweli mitokondria zilikuwa bakteria?

Ndiyo, na ushahidi ni mwingi. Mitokondria ina utando maradufu. Ina DNA yake ya duara, ambayo kwa binadamu ni herufi 16,569 zenye jeni 37. Ina ribosomu zinazofanana na za bakteria kuliko zile za seli inamoishi. Na seli haiwezi kuitengeneza upya kutoka mwanzo: mitokondria hutoka kwa mitokondria kwa kugawanyika, na zako zote umezipata kwa mama.

Wazo lenyewe lilishasemwa mwanzoni mwa karne ya 20, likachekwa. Mwaka 1967 Mmarekani Lynn Margulis, wakati huo akitumia jina la Lynn Sagan, alilichapisha upya kwa hoja nzito baada ya majarida kadhaa kuukataa mswada wake. Seli moja ilimpokea bakteria ndani yake, ikashindwa kummeng'enya au haikutaka, na mgeni akaendelea kukaa mpaka akawa mwenyeji. Kloroplasti ilifuata njia hiyohiyo kupitia sianobakteria, yaani bakteria wanaofanya usanisinuru.

Jambo hili lina gharama hospitalini. Kwa kuwa ribosomu za mitokondria zinafanana na za bakteria, baadhi ya antibayotiki hukosea shabaha. Kloramfenikoli inaweza kudhoofisha uboho kwa kuzuia mitokondria kutengeneza protini. Kanamaisini, iliyotumika miaka mingi kwa kifua kikuu sugu, imewaacha wagonjwa wengine bila uwezo wa kusikia, na wenye badiliko fulani kwenye DNA ya mitokondria wako kwenye hatari kubwa zaidi.

Chembe nyekundu ya damu haina kiini. Je, ni prokarioti?

Hapana. Ilikuwa na kiini ilipokuwa ikikua kwenye uboho, ikakitoa ili ipate nafasi ya himoglobini. Mtu aliyehama nyumba ya vyumba vitano hageuki kuwa amezaliwa kwenye chumba kimoja.

Kila prokarioti ni mdogo kuliko kila yukarioti?

Kwa kawaida ndiyo. Bakteria wengi wana mikromita 1 hadi 5, seli nyingi za yukarioti 10 hadi 100. Tofauti ya mara kumi kwa urefu ni mara elfu kwa ujazo, kwa hiyo si tofauti ndogo kama inavyosikika. Prokarioti hutegemea vitu kusambaa vyenyewe ndani ya seli, na njia hiyo inafaa pale safari zinapokuwa fupi.

Halafu kuna Thiomargarita. Mmoja alipatikana kwenye tope la bahari pwani ya Namibia, akatangazwa mwaka 1999, mwenye upana unaofikia milimita 0.75. Mwaka 2022 akatangazwa mwenzake, Thiomargarita magnifica, kutoka kwenye mikoko ya Guadeloupe: bakteria mmoja, seli moja, urefu wa karibu sentimita moja, anaonekana kwa macho kama kipande cha uzi mweupe. Cha kushangaza zaidi, DNA yake imefungwa kwenye vifuko vyenye utando. Si kiini kamili, lakini ni kama mpangaji aliyeanza kugawa chumba kwa mapazia. Upande wa pili yupo Ostreococcus tauri, mwani wa kijani mwenye kiini, kloroplasti na mitokondria, vyote vikiwa vimebanana ndani ya seli isiyofika mikromita moja.

Mwani wanaoliwa na heroe wa Ziwa Nakuru ni kundi gani?

Tunauita mwani kwa mazoea, na kwa kweli ni sianobakteria, prokarioti. Jina lake ni Arthrospira, yule anayeuzwa madukani kama spirulina. Hana kloroplasti hata moja, lakini anafanya usanisinuru kwa tando zilizokunjwa ndani ya seli yake. Rangi ya waridi ya heroe wadogo wa Nakuru, Bogoria na Natron inatokana na chakula hicho. Na kama nilivyosema juu, kloroplasti ya mahindi shambani ni jamaa ya viumbe hawa.

Akea ni nani? Mbona wengine husema makundi ni matatu?

Mwaka 1977 Carl Woese na George Fox walilinganisha RNA za ribosomu wakakuta kwamba baadhi ya "bakteria" hawafanani na bakteria. Kwenye hadubini huwezi kuwatofautisha: hawana kiini, ni wadogo, ni chumba kimoja. Lakini hawana peptidoglikani, mafuta ya utando wao yameungwa kwa kemia tofauti, na mashine yao ya kunakili jeni inafanana na yetu. Kwa hiyo "prokarioti" ni jina la namna ya kujenga nyumba. Si jina la ukoo mmoja.

Wa kwetu yupo. Natrialba magadii alipatikana Ziwa Magadi, Kenya, kwenye magadi na chumvi ambavyo vingeua seli nyingi. Na mwaka 2015 ikatangazwa DNA ya akea kutoka chini ya bahari kati ya Greenland na Norway, yenye jeni nyingi zilizodhaniwa kuwa za yukarioti peke yao. Wengi sasa wanaamini seli iliyompokea yule bakteria wa mitokondria ilitoka upande huu wa akea.

Na virusi?

Hawamo upande wowote. Hawana seli, hawana ribosomu, hawana ukuta. Ndiyo maana antibayotiki haisaidii mafua.

Mkia wa bakteria na mkia wa mbegu ya kiume ni kitu kimoja?

Vyote vinaitwa flagela, na hapo ndipo undugu unapoishia. Ule wa bakteria unazunguka kama rafadha ya boti, ukiendeshwa na chaji zinazopita kwenye utando. Ule wa yukarioti unapinda na kupiga kama mjeledi, umefunikwa na utando wa seli, na ndani una jozi tisa za mirija kuizunguka miwili ya katikati.

Nani yuko mbele, basi?

Inategemea mashindano. Kwa kujenga mwili mkubwa wenye ubongo na majani, yukarioti hana mpinzani. Kwa mwendo, E. coli kwenye mazingira mazuri anagawanyika kila dakika 20. Ukianza na mmoja, baada ya saa 8 una zaidi ya milioni 16. Chakula kilicholala nje ya friji kinalielewa hilo.

Na kuna plasmidi nilizoahidi kuzirudia. Yukarioti kwa kawaida hurithi jeni kwa wazazi. Bakteria hupokea pia kwa jirani, hata wa aina nyingine, na jeni inayofanya dawa isimshinde inaweza kupita kwa njia hiyo mchana mmoja. Usugu wa vimelea dhidi ya dawa unaenea haraka kwa sababu hii, ukisaidiwa na sisi tunaotumia antibayotiki ovyo.

Kwenye mtihani niandike nini?

Linganisha pande zote mbili katika sentensi moja. "Prokarioti ana ribosomu ndogo" ni nusu ya jibu. "Prokarioti ana ribosomu za 70S, ilhali yukarioti ana za 80S kwenye saitoplazimu" ni jibu. Usiandike kwamba prokarioti wote wana ukuta: bakteria waitwao Mycoplasma hawana, na penisilini haiwafanyi kitu. Na ukisema yukarioti ana ukuta, taja nani: mimea ina selulosi, fangasi wana kitini, wanyama hawana.

Ninaweza kuwaona kwa hadubini ya shule?

Unaweza. Bandua ngozi nyembamba ya ndani ya kitunguu maji, iweke kwenye kioo, dondoshea ayodini. Kwa ukuzaji wa mara 100 tu utaona kuta kama matofali na kiini kama doa ndani ya kila moja.

Kisha paka mtindi kidogo kwenye kioo kingine, uache ukauke, upitishe juu ya moto haraka, utie rangi ya methilini bluu na usuuze. Kwa ukuzaji wa mara 400 bakteria ni vijiti na nukta tu. Kuwaona vizuri kunahitaji lenzi ya mafuta na ukuzaji wa mara 1,000.

Walio pwani wana njia bora zaidi, ambayo siipendekezi kwa maabara ya kidato cha kwanza: tone la tembo la mnazi lililolala. Mle wamo hamira na bakteria pamoja, wanaugombania utomvu mmoja. Yale maumbo makubwa kama mayai ni hamira, vinukta vinavyotetemeka pembeni ni bakteria. Ukiona duara dogo limejitokeza ubavuni mwa hamira, hilo ni chipukizi, anazaa. Na lile duara jeupe linaloonekana wazi ndani yake, ambalo kila darasa huniitia kwa furaha likisema ni kiini, ni kifuko cha maji. Kiini kipo, ila hakionekani mpaka kitiwe rangi yake.